TAHARIRI: Kitanda cha mtoto mchanga si cha kupokea bila kuuliza

Wale tunaoishi huku Washington na vitongoji vyake tunaijua vizuri picha hii. Ni Jumamosi jioni, kwenye nyumba ya ghorofa pale Silver Spring, au Langley Park, au ng'ambo ya mto kule Alexandria. Mama katoka hospitali juzi na mtoto wake. Sebule imejaa watu, pilau limeshaiva, chai ya tangawizi inazunguka. Mara mlango unafunguliwa, vijana wawili wanaingia na kitanda cha mtoto kilichofunguliwa vipande vipande. Kimetoka kwa familia moja ya Laurel, ambayo nayo ilipewa na familia ya Hyattsville, na mtoto wa kwanza aliyelala humo sasa ameshamaliza haiskuli. Skrubu zimo kwenye mfuko wa plastiki, na zikihesabiwa mbili hazipo. Karatasi ya maelekezo ilipotea siku nyingi. Mzee mmoja anatoa rai: "Fungeni kamba hapo, kitakaa tu." Kinafungwa kamba, kinakaa, vigelegele vinapigwa na mama mzazi anashukuru.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hapo. Ule ni upendo, na ni ushirikiano ambao bila huo wengi wetu tusingeweza kulea watoto ughaibuni, mbali na mama zetu na shangazi zetu. Lakini leo tunataka kusema jambo ambalo kwenye shughuli kama ile hakuna anayethubutu kulisema kwa kuogopa kuonekana hana shukrani: kitanda kile kinaweza kumuua mtoto. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda cha mtoto mchanga hakuna hata mmoja wetu anayekilalia, na yule anayekilalia hawezi kusema.

Tuanze na hali halisi. Kila mwaka hapa Marekani watoto wapatao 3,500 ambao hawajafikisha mwaka mmoja hufa ghafla wakiwa usingizini. Wengine sababu haijulikani hata baada ya uchunguzi, na wengine hufa kwa kukosa hewa, kubanwa au kunyongwa na kitu kilichokuwa pale walipolazwa. Watoto weusi hufa kwa vifo vya namna hii takriban mara mbili ya watoto weupe. Mtoto wako aliyezaliwa Maryland au Virginia, hata kama nyumbani kwako kinaongelewa Kiswahili tupu, yumo kwenye hesabu hiyo. Hili si suala la wenyeji peke yao.

Bahati nzuri, wale waliopewa kazi ya kufuatilia mambo haya ni majirani zetu. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama CPSC, makao yake yako Bethesda, katika kaunti ile ile ya Montgomery ambayo Silver Spring imo. Taasisi za Taifa za Afya ziko hapo hapo Bethesda, na huko ndiko iliongozwa kampeni ya mwaka 1994 ya kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali. Wengi wetu tunapita karibu na majengo hayo kwenda kazini kila siku. Lakini yanayosemwa ndani ya majengo hayo ni nadra kufika kwenye sebule zetu, na yakifika huwa yameandikwa kwa Kiingereza cha ofisini.

Sasa basi, tuzungumzie hasa kile kitanda kidogo kinachowekwa kando ya kitanda cha mama. Wazazi wengi vijana wanakipenda, na sisi tunaona wana haki ya kukipenda. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, lakini juu ya kitanda chake mwenyewe. Kwa desturi zetu hilo ni jambo jepesi kulikubali. Hakuna Mswahili aliyewahi kuona ni akili kumweka mtoto wa wiki mbili chumba cha peke yake na kumfungia mlango. Kitanda cha kando kinampa mama nafasi ya kunyoosha mkono, kumchukua mtoto, kumnyonyesha, kisha kumrudisha bila kushuka kitandani. Na kunyonyesha kwenyewe kunapunguza hatari ya kifo cha ghafla. Kwa hiyo wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba si kila kinachouzwa au kinachogawiwa kwa jina hilo ni salama.

Mwezi Agosti 2008, CPSC ilitoa onyo kuhusu vitanda vidogo vya kando vipatavyo 900,000 vilivyotengenezwa na kampuni ya Simplicity. Watoto wawili walikuwa wamekufa humo, mmoja wa miezi 4 huko Missouri na mwingine wa miezi 6 huko Kansas. Vitanda vile vilikuwa na fremu ya chuma iliyofunikwa kwa kitambaa, na kitambaa hicho kikiachia, nafasi kati ya vyuma ilikuwa kubwa kuliko inavyoruhusiwa. Mwili wa mtoto ulipita, kichwa kikabaki. Kampuni iliyokuwa imenunua mali za Simplicity ilikataa kuviondoa vitanda hivyo sokoni, ndipo serikali ikaamua kuwaambia wananchi moja kwa moja. Angalieni kilichotokea hapo. Kwa macho kitanda kilikuwa kizima. Kitambaa kilikuwa safi na rangi yake ya kupendeza. Ufa ulikuwa umejificha chini ya nguo.

Kisa kingine kila mzazi anayemwacha mtoto wake kwa mlezi inampasa akijue. Mei 1998, mjini Chicago, mtoto Danny Keysar alifariki nyumbani kwa mlezi mwenye leseni. Kitanda cha kukunja alichokuwa amelazwa, aina ya Playskool Travel-Lite, kilijikunja na kumbana shingo. Alikuwa mtoto wa tano kufa katika kitanda cha aina ile. Na kitanda chenyewe kilikuwa kimeshatangazwa kuwa ni hatari na kuondolewa sokoni mwaka 1993, yaani miaka 5 kabla. Wazazi hawakujua, mlezi hakujua, tangazo lilitolewa na likasahauliwa. Wazazi wake, Linda Ginzel na Boaz Keysar, wakaanzisha shirika la kutetea usalama wa watoto, na sheria ya usalama wa bidhaa iliyotiwa saini Agosti 2008 ina kifungu chenye jina la mtoto wao.

Kifungu hicho kinazitaka kampuni zinazouza vitanda na vifaa vingine vikubwa vya watoto wachanga ziweke ndani ya boksi kadi ya kujiandikisha, ili siku kasoro ikigunduliwa mnunuzi atafutwe kwa jina lake. Sisi tunajua watu wetu wanaifanya nini kadi hiyo. Inatupwa pamoja na boksi. Wengine wanaiogopa, maana huku ukiandika jina na anwani yako popote unahofia matangazo ya biashara, na wengine wana hofu kubwa zaidi ya hiyo kuhusu makaratasi. Sheria inakataza taarifa za kadi hiyo kutumika kwa jambo lingine zaidi ya kukuarifu kuhusu usalama wa bidhaa. Ijaze. Ni dakika 2.

Tunarudi kwenye kile kitanda kilichopandishwa ngazi Jumamosi jioni. Swali la kwanza la kukiuliza ni umri wake. Kiwe na lebo yenye jina la kampuni, namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa. Vitanda vile vya zamani ambavyo ubavu mmoja unashushwa na kupandishwa, ambavyo wengi wetu tuliviona na kuviona vya kifahari, vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani kuanzia tarehe 28 Juni 2011 baada ya watoto zaidi ya 30 kufa tangu mwaka 2000. Ubavu ulikuwa unaachia upande mmoja, mtoto anatumbukia kwenye uwazi na kubanwa. Kwa hiyo kitanda kikubwa cha mtoto kilichotengenezwa kabla ya katikati ya mwaka 2011, hata kiwe cha mti mzuri namna gani, usikipokee na usikigawe. Vitanda vya kando vinavyounganishwa na kitanda cha wazazi navyo vilikuja kuwekewa kanuni yake ya taifa mwaka 2014. Cha kabla ya hapo kilitengenezwa wakati kanuni hiyo haijaanza kutumika.

Swali la pili: je, aina hii iliwahi kutangazwa kuwa ni hatari? Hili halihitaji usomi. Ukiwa na jina na namba ya modeli, unaingia kwenye tovuti ya CPSC na kutafuta, au unapiga simu yao ya bure, 1-800-638-2772. Kuuza bidhaa iliyotangazwa hivyo ni kosa kwa sheria, lakini kwenye mauzo ya uani kule mitaani na kwenye maduka ya vitu vilivyotumika hakuna askari anayekagua kila meza. Chukueni mfano wa kile kiti cha kulalia cha kampuni ya Fisher-Price kilichoitwa Rock 'n Play. Vilikuwa karibu milioni 4.7 vilipoondolewa sokoni Aprili 2019. Januari 2023 tangazo lilibidi litolewe tena, maana vilikuwa bado vinatumika majumbani na watoto waliendelea kufa. Hadi wakati huo vifo vilivyoripotiwa vilikuwa vimefika 100 hivi. Vingi kati ya viti hivyo vilikuwa vimetolewa zawadi kwa mapenzi kabisa.

Swali la tatu ni la mikono yako mwenyewe. Kitikise. Kama kinacheza, hakifai. Skrubu zikipungua, usitafute kamba wala gundi wala skrubu ya duka la vifaa vya ujenzi. Omba vipuri kwa kampuni iliyokitengeneza, na kama haipo tena, kivunje na kukitupa ili mwingine asikiokote. Nafasi kati ya fito na fito isizidi inchi 2 na 3/8, yaani sentimita 6 hivi. Kopo la soda likipita katikati ya fito, nafasi hiyo ni kubwa mno. Godoro liwe gumu na la bapa, na litoshe kitanda chake barabara. Vidole viwili vikipenya pembeni, godoro hilo ni la kitanda kingine. Usiongeze godoro la pili ili "alale pazuri". Mtoto mchanga haoni raha tunayoiona sisi kwenye ulaini. Uso wake ukizama kwenye kitu laini hana nguvu ya shingo ya kujitoa.

Kwa kitanda cha kando kuna jambo la nne, nalo ni ule mpaka kati ya kitanda chake na chako. Ama kiwe kimesimama peke yake kikiwa na kuta zake zote nne, ama kiungwe na kitanda chako kwa mikanda iliyokuja nacho, kama maelekezo yanavyosema, pasiwe na uwazi wowote. Kisukume kwa nguvu ukione kama kinaachana. Kikiachana ukisukuma mchana, usiku kitaachana ukigeuka, na mtoto ataangukia kwenye ule mwanya. Usiuzibe mwanya kwa khanga wala kwa mto, maana hapo umeongeza hatari mbili juu ya moja. Na tuseme ukweli wetu: wengi tukifika huku tunaanzia kulala juu ya godoro chini sakafuni. Kwa hali hiyo kitanda cha kuunganisha hakikufai kabisa. Tafuta kile cha kusimama peke yake. Tena usione haya, kwani vitanda vya kukunja vya kawaida vinavyokidhi kanuni vinapatikana kwa chini ya dola 100, na vinalinda mtoto sawa na vile vya dola 500.

Ukishapata kitanda, kiache kitupu. Godoro, shuka moja iliyobana godoro, na mtoto. Basi. Hakuna mto, hakuna blanketi, hakuna mdoli, hakuna vile vizuizi laini vya kufunga kuzunguka kitanda. Jimbo letu la Maryland ndilo lililokuwa la kwanza nchini kupiga marufuku uuzaji wa vizuizi hivyo mwaka 2013, na sheria ya taifa iliyotiwa saini Mei 2022 ikavipiga marufuku nchi nzima pamoja na vitanda vya kulala kwa mwinamo unaozidi nyuzi 10. Lakini ukienda kwenye shughuli zetu bado utaviona vikitolewa zawadi, vimetolewa kwenye kabati la mtu. Vile vimito vya kumwegesha mtoto navyo ni hivyo hivyo. Mwaka 2021 kampuni ya Boppy iliondoa sokoni vimito vyake milioni 3.3 vya watoto wachanga baada ya vifo 8. Ni vya mtoto aliye macho huku wewe unamtazama. Si vya kulalia.

Na hapa tunaomba radhi kwa mama zetu na bibi zetu, kwa sababu inabidi tuwaguse. Bibi anapotua Dulles na sanduku lake, anakuja na ujuzi wa kulea watoto 6 au 8, na ujuzi huo tunauhitaji. Lakini kuna mambo matatu ambayo tumeyasikia mara nyingi. La kwanza ni kwamba mtoto akilala chali atapaliwa na maziwa. La pili ni kwamba huku ni baridi hivyo afunikwe blanketi mbili. La tatu ni ule uzi mweusi wa shingoni, au hirizi, kwa ajili ya jicho la watu.

Kwa la kwanza, jibu lipo kwenye maumbile. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yakirudi lazima yapande mlima ndipo yafike kwenye njia ya hewa. Akilala kifudifudi ni kinyume chake. Tena wazee wasijione ni wao peke yao waliofundishwa hivyo. Hata Dkt. Benjamin Spock, daktari wa Marekani ambaye kitabu chake cha malezi kiliuzwa kwa mamilioni, kwa miaka mingi alishauri watoto walazwe kifudifudi. Wamarekani walibadilika baada ya kuona ushahidi, na tangu kampeni ile ya 1994 vifo vya ghafla visivyo na sababu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa la pili, nyumba za huku zina hita. Joto likizidi ni hatari kwa mtoto. Mvishe nguo zake na tabaka moja zaidi ya unalovaa wewe, au mfuko wake wa kulalia usiotiwa uzito, na kichwa kiwe wazi akiwa ndani. Kwa la tatu, sisi hatuingilii imani ya mtu. Tunachoomba ni kwamba kitu chochote cha kamba kisiwe shingoni mwa mtoto anayelala.

Namna ya kulisema hilo nayo ina adabu yake. Usimwambie mama yako kwamba mambo hayo ni ya kizamani. Mwambie, "Mama, daktari wake ametusisitizia alale hivi, na akija tena atauliza. Naomba unisaidie kumwangalia." Ukimpa kazi ya ulinzi ataifanya vizuri kuliko wewe. Bora zaidi, nenda naye kliniki asikie mwenyewe, umfasirie neno kwa neno.

Kuna jingine ambalo halisemwi kwa sababu ya aibu, nalo ni uchovu. Wengi wetu ni wabeba boksi, tunalinda wazee usiku, tunaendesha teksi, tunafanya zamu mbili. Baba anarudi saa 1 asubuhi, mama anamkabidhi mtoto na yeye anatoka. Baba anakaa kwenye kochi na mtoto kifuani, televisheni inaongea, usingizi unampitia. Kochi ni mahali pa hatari kuliko karibu pote pengine pa kulala na mtoto, kwa sababu anateleza kati ya mwili wako na mto wa kochi na wewe husikii. Madaktari wa watoto wenyewe wanasema: kama unaona usingizi utakupitia wakati unamlisha, ni afadhali uwe kitandani palipoondolewa mito na mablanketi kuliko kwenye kochi, na ukizinduka tu umrudishe kwenye kitanda chake. Hawasemi kwamba kulala naye ni salama. Wanasema kati ya hatari mbili chagua ndogo. Kitanda cha kando kina faida yake kubwa hapo. Mtu aliyechoka hafanyi jambo la mbali, kwa hiyo jambo salama liwe karibu ya mkono. Na kiti cha gari ni cha gari. Mkifika nyumbani mtoto atolewe alazwe chali pa bapa.

Wasomaji wetu wa nyumbani watauliza, haya yanatuhusu nini sisi tunaolala na watoto wetu chini ya chandarua kimoja? Yanawahusu kwa njia mbili. Kwanza, kontena zinazotoka huku kwenda Dar es Salaam na Mombasa hubeba mpaka vitanda vya watoto. Mtu akiambiwa kitanda chake kina kasoro, anaona uchungu kukitupa, anasema "nitamtumia dada nyumbani." Tunasema kwa uwazi kabisa: kisichofaa kumlaza mtoto wa Silver Spring hakifai kumlaza mtoto wa Tandika. Nyumbani si jalala. Pili, mafundi wetu wa Keko wanaweza kutengeneza kitanda kizuri kuliko cha dukani, mradi wapewe vipimo. Mwambie fundi nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, vichwa vya nguzo visichomoze juu ya ukingo vikaja kunasa nguo, kusiwe na ubavu wa kushusha, rangi isiwe na risasi, na godoro likatwe kwa kipimo cha kitanda. Chandarua kivutwe kikaze, kisining'inie karibu na uso wa mtoto. Na kama uwezo wa kitanda haupo, mlaze chali, mbali na mito na nguo nzito, na asilale naye mtu aliyelewa au anayevuta sigara. Hayo hayana gharama.

Mwisho tuguse jambo la siasa, kwa sababu linaongeza mzigo wetu. Mwaka 2025 ulinzi wenyewe uliyumba. Aprili mwaka huo iliripotiwa kwamba taasisi ya Bethesda iliyoongoza kampeni ya usingizi salama kwa miaka 30 imejiondoa kwenye kampeni hiyo, na Mei Rais Trump akawaondoa makamishna watatu wa CPSC. Kuna watakaosema serikali imekuwa kubwa mno na soko litajirekebisha. Sisi tunawajibu kwa kisa cha Simplicity: ni kampuni iliyokataa, na ni serikali iliyosema. Ndugu zetu wenye uraia na kura huku wana la kuwauliza wawakilishi wao. Lakini mtoto aliyezaliwa wiki hii hasubiri uchaguzi, kwa hiyo ukaguzi wa kwanza unabaki kuwa wa kwetu sisi.

Pendekezo letu kwa jumuiya zetu ni dogo. Tunachangishana harusi kwa maelfu ya dola, na misiba vilevile. Basi mtoto akizaliwa, badala ya kila mmoja kuleta alichonacho kabatini, ichangwe fedha ya kitanda kimoja kipya chenye lebo, kifunguliwe mbele ya watu, kiungwe kwa maelekezo yake, na kadi yake ijazwe hapo hapo kabla pilau halijapakuliwa. Asiyeweza amuulize muuguzi wa hospitali au idara ya afya ya kaunti yake. Jiji la Washington limekuwa na mpango wa kuwapa wakazi wake vitanda vya kukunja bure baada ya somo fupi, na kuomba huko si aibu. Na yule anayetoa kitanda kilichotumika awe wa kwanza kusema: kilitengenezwa mwaka fulani, nimekikagua, skrubu zote hizi hapa, karatasi hii hapa. Hilo likiwa desturi, anayepokea hataona haya kuuliza, na anayetoa hataona ametukanwa akiulizwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa. Ufa wa kitanda cha mtoto ni wa upana wa vidole viwili tu, na ukimpitia mtoto hakuna ukuta wa kujenga baadaye. Jumamosi hii, kabla hujapandisha kitanda ngazi kumpelekea mwenzako, hesabu skrubu zake.